Kuchora picha huku unalea: jinsi ya kuzigawa kazi zako

Mama mwenzangu mchoraji, usisubiri siku yenye nafasi. Ukiwa na mtoto mdogo, siku ya namna hiyo haiji. Gawa kazi zako mafungu mawili: zinazokubali kukatishwa na zisizokubali. Mimi naishi Kirumba, Mwanza, nachora Ziwa Victoria na watu wa soko la samaki la Mwaloni, na watoto wangu nimewalea kwa kazi hii. Mgawanyo huo ndio ulionibeba.

Kukaza kitambaa cha amerikani kwenye fremu, kupaka rangi nyeupe ya kwanza, kujaza anga: hizo zifanye mtoto akiwa mgongoni kwenye mbeleko. Akilia unaweka chini, unarudi baadaye, hakuna kilichoharibika. Msasa tu ndio uupige nje, mtoto akiwa kwa bibi yake, maana vumbi lake halimfai.

Sura ya mtu haikubali kukatishwa. Macho ya mwanamke anayeanika dagaa, mikono inayovuta nyavu, pale maji yanapogusa mawe ya Bismarck: jicho likihama, ulichokiona kimekwenda. Kazi hizo zipe alfajiri. Huku Mwanza jua huchomoza karibu saa moja kasorobo. Naamka kabla, nanyonyesha, na mtoto akirudi kulala, mwanga wa kwanza unanikuta na brashi mkononi. Saa hizo siulizwi chai iko wapi. Nilimwambia baba watoto waziwazi kwamba hadi saa tatu niko kazini, kama yeye anavyokuwa kazini. Usiseme "nachorachora kidogo". Ukiita hivyo wewe mwenyewe, nyumba nzima itaita hivyo, na mama mkwe atakutuma sokoni.

Halafu badilisha rangi. Rangi ya mafuta ya kopo, ile ya wachoraji wa Tingatinga tangu miaka ya 1960, inang'aa vizuri, lakini inataka thina, na mvuke wa thina haumfai mjamzito wala kichanga. Kwa sasa tumia akriliki. Inachanganywa na maji, na tabaka jembamba hukauka ndani ya nusu saa hivi. Shida ni kwamba hata iliyo kwenye sahani inaganda wakati unanyonyesha. Chukua kontena la chakula la plastiki, tandika kitambaa kilicholowa, juu yake karatasi ya kuokea, rangi iweke hapo. Ukiitwa, funga mfuniko. Kesho utaikuta laini. Rangi uliyoichanganya mwenyewe, kama ile kijani yenye ukijivu ya ziwa wakati wa masika, tengeneza ya kutosha picha nzima na uifunge kwenye kopo. Ukiichanganya upya katikati ya kazi, ni shida kuilinganisha. Na brashi itie majini kabla hujanyanyuka, hata kama mtoto analia kwa nguvu. Akriliki ikikaukia kwenye nywele zake, brashi hiyo ndiyo basi tena.

Kama bado unaweka thina nyumbani kwa ajili ya oda za mitumbwi na vibao vya maduka, hapa nakusihi: usiitie kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto wa mwaka na nusu hajui kusoma, anaijua chupa. Iache kwenye chombo chake, ifungie juu. Akiinywa usimtapishe, kwa sababu ikipanda tena inaweza kuingia kwenye mapafu. Mkimbize hospitali na ubebe chombo chenyewe wakakione.

Vanishi paka mchana. Usiku wale wadudu wadogo wa ziwani hufuata taa, na wakinasa kwenye vanishi mbichi hawatoki.

Kuhusu pesa, mama aliyeajiriwa anapewa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na 100 akijifungua mapacha. Sisi tuliojiajiri tunajitafutia wenyewe. Anza mimba ikiwa changa: kila picha ikiuzwa, toa fungu liende kikoba, lisikae mkononi. Malipo ya dada anayekushikia mtoto yaingize kwenye bei ya picha, kama unavyoingiza mbao na kitambaa. Mteja akitaka wiki mbili, mwambie nne, na achangie nusu ya bei kabla hujaanza. Ndani ya wiki hizo huenda mtoto akapata homa, na homa haijui oda.

Mtoto akiwa chini ya miezi sita, ananyonya tu, usipokee picha kubwa ya ukutani hata kama bei inavutia. Chukua ndogo, za sentimita 30 kwa 40, zinazomalizika kwa alfajiri chache na zinazoingia kwenye begi la mgeni aliyekuja kutembelea kisiwa cha Saanane.