Kabla ya Kumpeleka Mama Kupimwa Mifupa

Kipimo cha mifupa kiitwacho DEXA hakiumizi na hakichukui muda mrefu. Kizito ni safari. Anayetoka Wete au Makunduchi, huko Zanzibar, pengine atalazimika kuvuka bahari hadi Dar es Salaam, kwa hivyo kabla ya kukata tiketi ya boti pigeni simu muulize kama mashine inafanya kazi, na kama inapima nyonga na kiuno (pingili za chini za mgongo). Ile ndogo ya kupima kisigino haitoshi kuthibitisha ugonjwa wa mifupa myepesi.

Jueni pia kinachopimwa. Karibu theluthi mbili ya uzito wa mfupa mkavu ni madini, hasa kalsiamu na fosfati. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni nyuzi za kolajeni. Madini huupa mfupa ugumu, kolajeni huuzuia usikatike ghafla. Loweka mfupa wa paja la kuku ndani ya siki siku kadhaa: madini huyeyuka, umbo linabaki, lakini mfupa unapindika. Mwengine uchome kwenye makaa mpaka uwe mweupe: kolajeni imeungua, na ukiubonyeza unamung'unyika. DEXA huhesabu madini tu, kwa gramu katika kila sentimita ya mraba. Kolajeni haiioni.

Hata hivyo upungufu wa madini usidharauliwe. Katika mfupa wenye vitundu kama wa pingili za mgongo, nguvu hufuata takriban mraba wa msongamano: ukipotea asilimia 20, nguvu hubaki kama asilimia 64. Ndiyo maana pingili ya mzee huweza kubonyea kwa kuinama na kunyanyua ndoo ya maji.

Mpimeni mama urefu, kisogo na visigino vikigusa ukuta. Akiwa amepungua sentimita 4 au zaidi kuliko ujanani, mwambieni daktari, maana huenda pingili imeshabonyea bila maumivu makali. Andikeni umri aliokoma hedhi, dawa anazotumia (prednisolone ya pumu kwa miezi 3 au zaidi hudhoofisha mifupa), na kama mzazi wake aliwahi kuvunjika nyonga. Kama yeye mwenyewe ameshavunjika nyonga kwa kuteleza tu akiwa amesimama, mifupa yake ni dhaifu hata kipimo kikitoka kizuri. Hili husahauliwa mno.

Saa 24 kabla asimeze vidonge vya kalsiamu. Kidonge ambacho hakijayeyuka tumboni hukaa mbele ya uti wa mgongo na mashine ikakihesabu kuwa mfupa. Aliyepigwa picha kwa dawa ya bariamu asubiri kama wiki 2. Dera lisilo na zipu linafaa. Pini za ushungi, mkufu, na sarafu zilizofungwa kwenye pindo la kanga ziachwe nje.

Majibu huandikwa kwa alama ya T, yaani msongamano wa mifupa yake ukilinganishwa na wa kijana mwenye afya. Kuanzia −1 kwenda juu ni kawaida. Kati ya −1 na −2.5 msongamano umepungua, −2.5 au chini yake ni ugonjwa wa mifupa myepesi. Kiuno kikiwa kizuri na nyonga mbaya, msifurahie kiuno: uzeeni pingili huota vijifupa pembeni, navyo hupandisha hesabu bila kuongeza nguvu. Mwenye umbo dogo naye husomeka chini kuliko hali yake halisi.

Chakula kisingoje majibu. Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji kama miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku. Maziwa mililita 250 yana karibu 300. Dagaa waliwe na mifupa yao. Mchicha ni mzuri kwa mengine, ila oksalati yake huishika kalsiamu isifyonzwe vizuri. Ngozi hutengeneza vitamini D ikipata jua lenyewe, si la kupitia kioo, basi anayevaa buibui akae uani mikono na miguu ikiwa wazi. Na ili asiteleze akavunjika, sakafu ya choo ikaushwe kila baada ya kuoga.

Karatasi ya majibu itunzwe. Kipimo cha kurudia, mara nyingi baada ya miaka 2, kifanywe kwenye mashine ileile. Mashine hutofautiana, na tofauti hiyo yaweza kuonekana kama mfupa umepungua au umeongezeka.