Boliti za msingi zinazovutwa juu: nondo zikae karibu

Kabla zege halijamwagwa kwenye msingi wa nguzo ya chuma, kitu cha kwanza ninachokagua ni umbali kati ya nondo za kushikilia na boliti. Unene wa nondo nautazama baadaye.

Boliti yenye kichwa ikivutwa juu, mara nyingi zege hushindwa kabla ya chuma. Linang'oka kama mti na udongo wake: ufa huanzia kwenye kichwa cha boliti, hupanda kwa mwinamo wa nyuzi kama 35 kutoka usawa wa ardhi, na boliti ikiwa na kina cha milimita 400, koni hiyo ya zege hutanuka hadi milimita 600 kila upande. Hupasuka ghafla. Nondo za wima hulishona bonge hilo na zege la chini.

Sasa piga hesabu. Nondo ikiwa milimita 100 kutoka kwenye boliti, ufa unaikuta kwenye kina cha 333 hivi. Toa 50 za juu zinazofunika nondo, zinabaki 283 za kushika ndani ya koni. Isogeze hadi 300: zinabaki 150 tu, na nondo itachomoka. Ndiyo maana maelezo ya ACI 318, kanuni ya Marekani, huhesabu zile tu zilizo ndani ya nusu ya kina cha boliti. Hapa ni milimita 200.

Idadi ni rahisi. Mvuto wa kilonyutoni 120, uliokwisha kuongezewa usalama, na nondo ya nguvu ya nyutoni 500 kwa milimita ya mraba, ikipunguzwa kwa 0.75 kwa ajili ya usalama: 120,000 ÷ (0.75 × 500) = milimita za mraba 320. Mguu mmoja wa nondo ya milimita 12 una 113, kwa hiyo mitatu inatosha. Mimi naweka minne: nondo mbili za umbo la U, mgongo juu, moja kila upande, ili mvuto usiegemee upande mmoja. Mgongo wa U ukumbatie nondo ya mlalo ya juu.

Chini ya ufa, kila mguu upate urefu wake kamili wa kushika. Msingi mfupi hauna nafasi hiyo; kunja ncha, na kama bado haitoshi, chimba zaidi.

Nondo hizi zinaziba njia moja tu ya kushindwa. Boliti kukatika, kichwa kuchomoka, na zege la ubavuni kubanduka boliti ikiwa karibu na ukingo, vyote vikaguliwe peke yake. Kisha funga kila U kwa waya imara, vaibreta, mashine ya kutikisa zege, isiisogeze.