Mvua ikianza Dar: hatua za kuikinga nyumba yako na kipindupindu

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, napita nyumba kwa nyumba bonde la Msimbazi. Mto ukifurika, vyoo vya shimo hufurika nao, na uchafu wote unaingia uani na visimani. Wala usingoje masika ndipo ujihami: mlipuko wa 2015 ulianza hapa Dar mwezi Agosti.

Hatua ya 1: Choo, kabla ya mvua. Msikitapishe. Najua kunyonya ni gharama, na wenye nyumba wengi husubiri mvua kubwa wakitoboe kifunguke kwenye maji. Kinyesi hicho kinashukia kwa jirani wa chini, kwa watoto wanaocheza kwenye madimbwi. Wapangaji, changishaneni mapema. Gari lisipopita uchochoroni, ulizieni vikundi vya kunyonya kwa pampu ya mkono.

Hatua ya 2: Tibu maji yote ya kunywa, hata ya bomba. Bomba lililopasuka likizungukwa na mafuriko hunyonya uchafu pale maji yanapokatika. Chemsha hadi yatokote kabisa, walau dakika moja. Mkaa ukiwa ghali, tumia kidonge cha klorini: cha miligramu 67 kinatosha ndoo ya lita 20. Subiri dakika 30. Maji ya tope yachuje kwanza kwa kanga safi iliyokunjwa tabaka nne, ndipo utie dawa.

Hatua ya 3: Kikombe. Hapa ndipo tunapoponzwa. Nimekaa kwenye kibaraza mama akinionyesha ndoo yake, maji yametiwa dawa vizuri, kifuniko kipo. Mtoto akatoka chooni, akafunua, akachovya kikombe na vidole vyote vinne ndani. Dawa ya asubuhi ikawa kazi bure. Weka maji kwenye dumu la mdomo mwembamba au ndoo ya koki, umimine, usichovye.

Hatua ya 4: Mikono na chakula. Sabuni au jivu kwa maji yanayotiririka, ukitoka chooni, ukimtawaza mtoto, kabla ya kupika na kula. Chakula kiliwe cha moto. Matunda yaliyomenywa barabarani yaache msimu huu.

Hatua ya 5: Mtu akiharisha. Kinyesi kikiwa kama maji ya mchele, usingoje kesho. Kipindupindu kinaweza kuua ndani ya saa chache. Mpe ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji ili kurudisha maji na chumvi mwilini. Usipokuwa nayo, changanya lita 1 ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mkimbize kituo cha afya huku ukimnywesha ndani ya bajaji. Akitapika, pumzika dakika 10, kisha endelea kijiko kwa kijiko. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Mliobaki nyumbani, nguo na shuka zake msizipeleke kufuliwa mtoni. Zilowekeni kwenye maji ya klorini, na maji hayo yamwagwe chooni.