Mbao ya stiki ndefu ya beki wa lakrosi: soma nyuzi kwanza, jina la mti baadae

Mabeki wa lakrosi hapa Uganda, hii ni yenu. Mpini wa alumini ukipinda hakuna pa kuupeleka, wa kuagiza nje unachukua muda na pesa, na kichwa cha plastiki, kile chenye wavu wa kudakia mpira, kinabaki kizima kabisa kikisubiri mpini mpya. Kichwa siwezi kukwambia utengeneze mwenyewe, ila mpini wa mbao inawezekana kabisa na sheria inaruhusu mbao. Kinachoharibu kazi ni kwamba watu wanafika Ndeeba, kule Kampala kwenye soko la mbao, wanauliza "mbao ngumu kuliko zote ni ipi?", wanapewa kipande cha mvule kizuri cha rangi, wanalipa, wanachonga, afu mpini unakatika kwenye kupigapiga kwa kawaida tu. Mi naona swali lenyewe ndo limekosewa. Unachotakiwa kuuliza ni nyuzi za kile kipande zinaelekea wapi.

Kwanza vipimo, ili ujue unatafuta kitu cha urefu gani. Kwenye lakrosi ya wanaume ya uwanja mkubwa stiki fupi ni inchi 40 mpaka 42 jumla na kichwa, ndefu ni inchi 52 mpaka 72, na timu inaruhusiwa kuwa na stiki ndefu nne uwanjani ukiacha ya golikipa. Mipini ya beki inayouzwa madukani mingi ni inchi 60, yaani sentimita 152 hivi, ukiweka kichwa unabaki ndani ya 72 bila wasiwasi. Kwa hiyo nunua mbao ya futi 6 ili uwe na nafasi ya kukata sehemu mbovu mwishoni. Na kama timu yenu inajiandaa na sixes, ile ya wachezaji sita sita itakayochezwa Olimpiki ya Los Angeles 2028, hapo stiki ndefu hazitumiki kabisa, usijisumbue. Wanawake pia hawana stiki ndefu ya beki. Hii ni ya wale wa kumi kumi, mchezo uleule Uganda walioupeleka Denver mwaka 2014 wakawa nchi ya kwanza ya Afrika kucheza kombe la dunia la lakrosi.

Sasa kule lakrosi ilikotoka, kwa Wahaudenosaunee, wenyeji wa asili wa Marekani na Kanada, stiki ilichongwa na bado inachongwa kwa mti wa hikori. Hikori ikikauka ina uzito wa karibu kilo 800 kwa mita ya ujazo, lakini sifa yake kubwa ni kubeba kishindo, unaipiga inapinda inarudi. Na wale mafundi hawaanzi na msumeno, wanapasua gogo, manake ukipasua mti wenyewe unakuonyesha nyuzi zinapita wapi, msumeno unakata popote unapoelekezwa bila kujali. Hikori haioti hapa kwetu, ila hiyo akili ya kupasua tunaweza kuichukua bure.

Kwa nini nyuzi ni muhimu hivo? Mbao ina nguvu kufuata urefu wa nyuzi, na ina udhaifu mkubwa pale nyuzi zinapotoka nje ya ubavu wa mpini. Maabara ya mbao ya serikali ya Marekani kule Madison, Wisconsin walishapima hii kitu: nyuzi zikihama inchi 1 kila inchi 20 bado mbao iko karibu na nguvu yake yote, zikihama inchi 1 kila inchi 10 uwezo wa kubeba kishindo unashuka mpaka kama asilimia 62, na zikihama inchi 1 kila inchi 5 unabaki na asilimia 36 hivi. Na kazi ya stiki ya beki ni kishindo tupu, unapiga mikono na stiki ya mtu anayekuja mbio, saa ingine unagongana na alumini yake. Kwa hiyo musambya ulionyooka utaishinda mvule ya nyuzi za upande kila siku.

Hapo ndo mvule na mahogani zinapoangukia. Ni mbao nzuri, milango na makabati ya maana yanatengenezwa nazo, lakini nyuzi zake zinapishana, tabaka moja linaelekea kulia na lingine kushoto, ndo maana ukipiga randa upande mmoja unalainika na mwingine unang'oka. Kwenye kabati hiyo ni urembo, kwenye mpini wa milimita 25 ni hatari. Teki inayopandwa kaskazini imenyooka vizuri ila ni kavu kwa tabia, ikipata pigo la ghafla inavunjika pah. Payini ni nyepesi, mafundo kila baada ya futi mbili tatu. Musizi laini mno, skrubu ya kichwa itatafuna tundu lake mpaka kichwa kicheze. Ntaseesa wazee wanaipenda kwa mipini ya shoka na kweli ni ngumu, lakini mti huo umekatwa sana kwa ajili ya gamba lake la dawa mpaka biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa, tafadhali uacheni msituni.

Chaguo langu la kwanza ni musambya. Unaota kwenye mipaka ya mashamba ya watu huku Buganda, shina lake jembamba na mara nyingi limenyooka, watu wameutumia miaka na miaka kwa nguzo na mipini ya zana, mchwa hawaupendi, na uzito wake ni wa kati kwa hiyo mikono haitachoka robo ya nne. Na kwa sababu uko shambani kwa mtu unaongea na mwenye shamba moja kwa moja. Ukinunua mbao za msituni kwa mfanyabiashara angalia kama zina muhuri wa NFA, mamlaka ya taifa ya misitu, usije ukabeba mali ya wizi bila kujua.

La pili ni kalitunsi, yaani mkaratusi, lakini sikilizeni vizuri hapa kwa sababu kalitunsi ni mbili tofauti. Zile fito za kujengea zinazorundikwa barabarani ni miti michanga, moyo wa mti uko katikati kabisa, na ikikauka inapasuka kutoka moyoni kwenda nje, utaona nyufa kama nyota mwishoni pa kila fito. Najua mtu atasema mikuki ya zamani ilitengenezwa kwa mche mzima, na ni kweli mche mzima nyuzi zake hazijakatwa, ila hiyo ilikuwa miti iliyochaguliwa na kukaushwa taratibu, si kalitunsi ya haraka haraka. Unachotaka ni mbao iliyopasuliwa kutoka sehemu ya nje ya kalitunsi kubwa iliyokomaa, mbali na moyo. Hiyo ni ngumu, ina mnyumbuko, ila ni nzito zaidi ya musambya, inawafaa mabeki wenye mabega.

Mianzi ya Mlima Elgon? Mipini ya mwanzi ya dukani ipo, lakini ile imetengenezwa kwa vipande vilivyogandishwa kwa gundi na kubanwa. Mwanzi mzima una uwazi ndani na utapasuka kwa urefu pale unapofunga kichwa. Pita.

Haya, uko mbele ya rundo la mbao. Mwambie fundi, "Fundi ssebo, naomba nichague mwenyewe, sitaki yenye fundo hata dogo," afu usione aibu kukaa hapo hata saa zima. Chukua 2x2 ya futi 6, iinue mpaka usawa wa jicho uangalie kwa urefu kama imejisokota. Angalia pande zote nne, si mbili, kwa sababu nyuzi zinaweza kunyooka upande mmoja na kukimbia upande mwingine. Miti yetu mingi haina miduara ya mwaka inayoonekana wazi kama hikori, kwa hiyo usihangaike kuhesabu miduara, fuata vile vistari vyembamba vya vinyweleo, vile vinavyoonekana kama mikwaruzo midogo midogo. Mbao iliyokatwa na msumeno ina alama za meno zinazokudanganya, muombe apige randa kidogo sehemu ya kiganja tu.

Bado huna uhakika? Tumia wino. Beba kichupa cha wino wa muhuri, wino wa biro mzito haufai. Gusa tone dogo kabisa kwenye ile sehemu iliyopigwa randa, subiri kidogo. Tone linanyweka na kutoa kamkia kanakokimbia na nyuzi, kule na huku. Sasa weka rula sambamba na ukingo wa mbao na ulinganishe. Kamkia kakienda pamoja na rula umepata, kakikata upande zaidi ya digrii 3 irudishe kwenye rundo. Digrii 3 ndo ileile inchi 1 kwa 20, na ligi kuu ya besiboli Marekani wanatumia tone hilohilo la wino kukagua magongo yao ya mti wa mepo. Rudia sehemu tatu, mwanzo, katikati na mwisho, na kwenye pande mbili zinazopakana.

Baada ya hapo igonge kwa kifundo cha kidole ukiwa umeishika katikati inaning'inia. Sauti ikilia vizuri na kudumu ni dalili nzuri, ikifa ghafla kuna ufa au bado ni mbichi.

Ubichi ndo kitu kinachoharibu kazi nyingi. Mbao nyingi za Ndeeba zinauzwa zikiwa na maji bado. Ipake rangi au nta kwenye ncha zote mbili siku hiyohiyo, manake maji yanatoka kwa haraka mno kupitia ncha na ndo nyufa zinaanzia huko. Ilaze ndani ya nyumba juu ya vipande vya mbao hewa ipite chini, usiisimamishe ukutani itapinda, usiiweke juani hata kama una haraka. Ipime kwenye mzani wa jikoni kila wiki, uandike. Uzito ukigoma kushuka wiki tatu mfululizo, imekauka kwa hali ya hewa ya kwenu, anza kuchonga.

Kwenye kuchonga fuata nyuzi hata kama zinataka kuhama kidogo kutoka mstari wako wa penseli. Lenga pembe nane, upana kama milimita 28 na unene 25 hivi, lakrosi ya vyuo vya Marekani wanadai mzunguko wa mpini usizidi inchi 3 na nusu na hicho ni kipimo kizuri cha kujipangia. Usiwe na tamaa ya kupunguza. Ukakamavu unakwenda na unene mara unene mara unene, yaani ukitoka milimita 25 ukaenda 23 umepoteza karibu asilimia 22, kwa milimita mbili tu! Mpini wa uzito wa hikori kwa vipimo hivi unafika gramu 700 hivi au pungufu kidogo, ukitaka wepesi chagua mbao nyepesi, usikondeshe nzito.

Ncha ya kichwa ichonge mwisho, taratibu kwa tupa, ukijaribisha kichwa mara kwa mara mpaka kiingie kwa kusukuma na si kwa kupiga nyundo. Toboa tundu la skrubu kwa drili nyembamba kabla ya kufunga. Ncha ya chini iviringishe isiumize mtu. Msasa, afu mafuta ya linsidi mara mbili tatu ukifuta yanayobaki, vanishi nene inateleza ukitoka jasho na inaficha nyufa.

Kila baada ya mechi pitisha kipande cha pamba mpini wote. Pamba ikinasa, simama hapo uangalie vizuri: kama ni kibanzi msasa unatosha, kama ni ufa unaoingia ndani stiki hiyo isirudi uwanjani hivohivo. Ufa ukiwa karibu na ncha moja, kata hiyo sehemu ubaki na inchi 30 nzima, unampa mshambuliaji wenu mpini wa stiki fupi.