Kano ya kisigino inauma? Usikae tu, ipe kazi

Wakimbiaji wengi kisigino kikianza kuuma wanapumzika wiki mbili, maumivu yanapungua, wanarudi barabarani na yanaanza upyaaa. Shida ni kwamba kano, yaani ile kamba ngumu nyuma ya kisigino inayokiunganisha na msuli wa mguu, inapata damu kidogo kuliko msuli, so inapona polepole, na nyuzi mpya za kolajeni (protini inayojenga kano) zinajengeka shaghalabaghala mpaka zivutwe ndo zijipange vizuri, hiyo ni kazi ya miezi sio siku.

Zoezi lenyewe ni lile la daktari Alfredson wa Sweden, la 1998. Simama kwenye ngazi, visigino vikining'inia nje, panda kwa miguu yote miwili, halafu hamishia uzito kwenye mguu mbovu na ushuke taratiiibu mpaka kisigino kipite chini ya ngazi. Usipande na huo mbovu! Mara 15, seti 3 goti limenyooka, seti 3 goti limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, wiki 12. Ikiuma kidogo endelea tu, ila ikiuma sana au kesho yake asubuhi imekaza kuliko jana, punguza.

Na jamani hizi sipro (antibaiotiki, ciprofloxacin) tunazonunua duka la dawa bila cheti zinaweza kudhoofisha kano, mwambie daktari kama unazitumia.

Ila kama ulisikia mlio ghafla kama umepigwa teke kwa nyuma na sasa huwezi kusimama kwa vidole, achana na ngazi, nenda hospitali leo leo, hiyo huenda imekatika.