Batiki ya unga: picha ya ukutani bila nta wala jiko

Batiki ya nta inataka jiko, sufuria ya kuyeyushia na mkono mwepesi kabla nta haijapoa. Batiki ya unga inataka bakuli na chupa tupu ya tomato. Zimbabwe wanachora kwa sadza, ugali wao, uliolegezwa na kuchujwa. Wayoruba wa Nigeria, kwenye adire eleko, hupaka rojo ya unga wa muhogo kwa unyoya wa kuku au juu ya bati lililokatwa maumbo, kisha nguo huingia kwenye nili. Kote siri ni moja: palipopakwa rojo rangi haifiki, na unga ukitolewa hubaki mchoro. Njia iliyo hapa ni ya unga wa ngano, ambayo inamfaa zaidi anayeanza.

Kama umezoea nta, badilisha mazoea mapema. Nta haijali maji, unga unayeyuka. Karibu kila picha inayoharibika imeharibiwa na maji: yamezidi kwenye rojo, yamezidi kwenye rangi, au kitambaa hakikukauka sawasawa.

Kitambaa

Chukua marekani au kitambaa kingine cheupe cha pamba tupu, sentimita 60 kwa 80. Picha itakuwa 50 kwa 70. Zinazobaki ni za kukunjia nyuma ya fremu. Tetroni, yaani kitambaa chenye nyuzi za plastiki, haifai, kwa sababu rojo hubanduka na rangi haishiki. Muuzaji akikuapia kwamba ni pamba, chomoa nyuzi mbili uziwashe. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Chenye plastiki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Kifue kwa maji ya moto na sabuni ili kutoa wanga wa kiwandani, kianike, kipige pasi. Kisha kitandaze juu ya plaiwudi au kadibodi nene iliyofunikwa nailoni, ukibane kwa pini kila baada ya sentimita 5 kuzunguka kingo zote. Pini zisipungue, maana rojo ikikauka hunywea na kuvuta kitambaa kwa nguvu, na pini zikiwa mbalimbali utapata makunyanzi ambayo rangi itatuama ndani yake.

Rojo

Kwa kipimo hicho cha kitambaa: unga mweupe wa ngano vikombe 2, maji baridi vikombe 2, shabu (alum) iliyosagwa vijiko 8 vya chai. Shabu huuzwa kwa mabonge sokoni, kwa hiyo itwange kwanza hadi iwe unga. Kazi yake ni kuifanya rojo ikauke ngumu na isichache upesi.

Changanya unga na shabu vikiwa vikavu. Mimina maji kidogo kidogo huku unakoroga, halafu chuja kwa chujio la chai. Usiruke kuchuja: bonge la ukubwa wa punje ya mchele linaziba mdomo wa chupa, unaikamua kwa nguvu, na linapozibuka linamwaga tone kubwa katikati ya mchoro. Iache dakika 15 unga unywe maji, kisha ipime. Inua kijiko: rojo nzuri hushuka kwa utepe usiokatika, na alama yake huonekana juu ya bakuli kwa sekunde chache kabla ya kuzama. Ichore kidogo kwenye kipande cha pembeni. Ukiona duara la maji linasambaa kuzunguka mstari, ongeza kijiko 1 cha unga. Ikikatikakatika, ongeza kijiko 1 cha maji. Imalize siku hiyohiyo.

Anayetaka kujaribu mahindi atumie sembe laini, kikombe 1 kwa maji vikombe 4, apike dakika 10 akikoroga, aipoze na kuichuja kwa kitambaa. Dona iache, pumba zake zitakutesa.

Kuchora

Mdomo wa chupa uwe na tundu la milimita 2 hadi 3. Pakiti ya maziwa iliyooshwa na kukatwa kona kidogo inafanya kazi ileile. Chora mwongozo kwa penseli hafifu, kisha pitisha rojo juu yake mdomo ukigusa kitambaa, ili ishike kwenye nyuzi na isibaki imelala juu tu. Mstari uinuke milimita 2 au 3; uliopakwa mwembamba hupitisha rangi katikati.

Asiyejua kuchora asihangaike na penseli. Apake rojo uso mzima, unene wa milimita 2 (rojo yote itakwisha), kwa ukingo wa kadi ya zamani ya plastiki, kisha apitishe kitana chenye meno mapana kabla haijaanza kukauka. Meno lazima yafike kwenye kitambaa chenyewe, na kitana kifutwe kila baada ya mkwaruzo. Mawimbi mapana yaliyopishana yanapendeza kuliko maua mengi ya kulazimisha. Njia nyingine ni kukata umbo kwenye filamu kuukuu ya eksirei, kuilaza juu ya kitambaa na kukwangua rojo juu yake. Ukikata herufi, acha daraja la kushikilia tumbo la O na A, la sivyo litadondoka.

Kwa mpangilio, kanga imeshatatua tatizo zamani. Acha pindo la sentimita 6 kila upande ulijaze mistari na nukta, kisha mji, yaani sehemu ya katikati, uwe na umbo moja kubwa, mathalani korosho. Vitu vidogo vingi hupotea ukitazama kutoka upande wa pili wa sebule.

Kukausha na nyufa

Jua kali linamaliza kazi kwa siku moja. Wakati wa masika, au Pwani kwenye hewa nzito, ni siku 2 au 3, na feni inasaidia. Usiamini macho. Weka kiganja nyuma ya kitambaa: palipo baridi bado pana maji. Rojo iliyokauka sawasawa hutoa mlio mkavu ukiigonga kwa ukucha.

Kama unataka ile mishipa ya rangi inayofanya batiki iitwe batiki, toa pini, kusanya kitambaa taratibu mkononi kuanzia pembeni, kisha kifungue. Nyufa nyembamba zitakimbia kila upande. Vipande vikibanduka kabisa, rojo ilikuwa nene kupita milimita 4 au kitambaa hakikufuliwa. Usiyetaka nyufa, acha pini zilivyo.

Rangi

Hapa ndipo wazoefu wa nta wanapojikwaa. Zile rangi za kuchovya zinazochanganywa na kostiki soda hazifai kwa unga wa ngano: kitambaa kikizama kwenye beseni, rojo inalainika na kuachia. Tumia rangi ya kitambaa ya kupaka kwa brashi, ya aina ya akriliki, mililita 150 hivi kwa mandharinyuma. Uzito uwe kama mtindi uliopigwa.

Ipake kitambaa kikiwa kimelala bapa. Gonga kwa brashi fupi ngumu, usisugue, na usirudie sehemu moja zaidi ya mara tatu. Kwenye nyufa, mswaki wa zamani unaisukuma rangi ndani vizuri. Ukiona brashi inaanza kunata na rangi inageuka ya maziwa, rojo inayeyuka. Simama, acha pakauke saa moja, ndipo uendelee.

Kwa rangi zaidi ya moja, anza na nyepesi, kama wafanyavyo Zimbabwe. Mistari ya kwanza ya rojo itabaki nyeupe. Jaza ndani yake manjano na rangi ya chungwa, ziache zikauke, kisha funika hayo maeneo yote kwa rojo mpya na uikaushe tena. Mwisho paka kahawia nzito au bluu ya giza juu ya kila kitu. Ukitanguliza giza huna pa kurudi.

Rangi ya maji ya kupakia ukuta nayo hushika kwenye pamba. Kitambaa kinakuwa kigumu na hakivaliki, ila kwa picha ya ukutani ugumu huo si hasara, na bei yake inavutia.

Kutoa unga

Subiri saa 24 baada ya rangi ya mwisho, 48 kukiwa na unyevu. Loweka kwenye beseni la maji ya kawaida dakika 15 hadi 20, kisha kwangua kwa kadi ya plastiki, mbele na nyuma. Maji ya moto usiyaguse: yanaupika wanga uliobaki na kuugeuza gundi ndani ya nyuzi. Kulaza usiku kucha pia usithubutu, rangi changa itaanza kutoka.

Badilisha maji mpaka kitambaa kisiteleze tena ukikisugua kati ya vidole. Utelezi ukibaki, umewaandalia mende chakula na ukungu makao. Mabaki yachuje uyatupe kwenye pipa la taka. Yakiingia kwenye sinki, bomba la maji machafu litaziba.

Kikikauka, kipige pasi upande wa nyuma, joto la pamba, bila mvuke, ukizungusha dakika 4 kila sehemu. Kwa pasi ya mkaa tanguliza kitambaa kingine juu, jivu lisije likaacha alama.

Sasa kingo za mistari zitakueleza ulichokosea. Zilizofifia upande mmoja tu, rangi ilikuwa na maji mengi nawe ulisukuma brashi kuelekea mwelekeo mmoja. Zilizofifia kote, rojo haikukauka. Doa la wingu chini ya mstari mnene ni mdomo wa chupa ulioelea bila kugusa kitambaa. Nyufa ambazo hazikuchukua rangi, kwa kawaida rangi ilikuwa nzito mno kwa hatua hiyo. Tone mbili za maji kwenye brashi zingetosha.

Kutundika

Fremu ya mbao za sentimita 2 kwa 3 inatosha. Piga pini za stepla kubwa, zile za mafundi wa makochi, kuanzia katikati ya kila upande, pande zinazotazamana kwa zamu, kisha sogea kwenye kona. Ukianza na kona, katikati patalegea. Kwenye kuta za Pwani zinazotoa unyevu na chumvi, gundisha vipande vya mpira vya nusu sentimita kwenye kona nne za nyuma hewa ipite, na chagua ukuta usiopigwa na jua la mchana.