Kabla fundi wa AC hajaondoka, amwage maji

Unafunga AC ya ukutani kwenye fleti ndogo hapa Dar? Chumba cha mita za mraba 12 hivi kinatoshwa na ya BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza). Kubwa kupita kiasi hupoza haraka, ikazima kabla haijakausha hewa, na sisi wa pwani tabu yetu ni ule unyevu.

Tundu la ukutani litobolewe likiinamia nje kidogo ili maji yanayotoka kwenye AC yateremke yenyewe. Kabla fundi hajakusanya vifaa vyake, mwambie amwage chupa ya maji kwenye trei ya ile sehemu ya AC inayokaa ndani, nawe toka nje uone kama yanachuruzika kwenye bomba la maji. Mimi sikufanya hivyo. Wiki ya pili godoro lililowa chapachapa.

Halafu mabomba ya gesi ya kupozea yanyonywe hewa kwa pampu kabla gesi haijafunguliwa. Wapo mafundi wanaopuliza gesi kidogo tu na kusema imetosha. Haijatosha: unyevu unabaki ndani, na mwisho wake kompresa, ile mashine inayosukuma gesi, ndiyo inayoumia. Kama hana pampu, akaazime kwanza.

Ile sehemu ya nje isitazame dirisha la jirani. Inatema joto usiku kucha.